Shati la Flaneli na Neno la Fomu

Fomu ililetwa Jumatatu, nikiwa natengeneza zipu ya sketi ya shule. Naanza na zipu kwa sababu hiyo naikumbuka bila shaka. Mengine nitayaandika jinsi nilivyoyaona, na pale ambapo sina hakika nitasema kwamba sina hakika, maana hadithi hii yote imetokana na mimi kuwa na hakika mahali pasipofaa.

Aliyeileta ni binti wa jirani. Nyumba yao na yangu hapa Bwera, karibu na mpaka, zinatazamana. Katikati pana njia ya kwenda bombani na mgomba mmoja ambao hatujawahi kukubaliana ni wa nani. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, upande wa Kasese, na chuo kilitaka kitambulisho cha taifa, au angalau karatasi yenye muhuri kuonyesha kwamba kinatengenezwa. Hakuwa nacho. Ofisi ya vitambulisho ilitaka watu wawili wasio ndugu zake wamsemee kwamba amezaliwa hapa. Katekista wetu alikuwa ameshasaini. Nafasi ya pili ilikuwa tupu, na chuo kingefunga kupokea karatasi Ijumaa.

"Mama Flaneli," akaniambia, "hapa tu. Saini, na namba ya simu."

Ameniita hivyo tangu alipojua kusema. Mimi ni fundi cherehani, na tangu nilipoolewa huku nina desturi moja: kila mtoto akizaliwa hapa jirani, namshonea shati dogo kwa vipande vilivyobaki mezani. Si ukarimu mkubwa, vipande hivyo vingetupwa. Halafu kwenye daftari langu la vipimo naandika kidogo, na kubana kipande cha kitambaa kwa pini. Binti huyu, tangu akiwa mdogo, amesimuliwa kwamba shati lake la kwanza lilikuwa la flaneli ya manjano na kwamba nililishona mimi. Nani alimsimulia? Ni mimi. Pengine mara mia.

Nikaishika fomu nikasoma. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, pamoja na kile cha vipimo vya nguo. Sentensi ilikuwa moja: *I vouch that the applicant was born at the place stated above.* Neno la kuzaliwa nililitambua. La mahali nililitambua. Neno la pili, *vouch*, sikulijua.

"Hili ni neno gani?"

"Vauchi. Ni kusaini tu, mama."

"Kusaini wanaandika *sign*. Hiyo naijua."

Akatoa simu, akabonyeza, akanionyesha. "Inasema kuthibitisha."

"Kuthibitisha nini? Kwamba nilikuwepo?"

"Si ulikuwepo? Si wewe ulinishonea?"

Ndiyo, nikasema. Lakini mkono haukwenda kwenye kalamu. Sijui kwa nini. Ningependa kusema moyo ulinionya, lakini huko ni kujipamba. Nadhani niliona aibu tu kuweka jina langu chini ya neno nisilolijua. Nikamwambia aiache hadi kesho. Uso wake ulibadilika kidogo, akajizuia, akaondoka.

Mama yake alikuwa uani kwake amesikia yote. Akapaza sauti kutoka ng'ambo ya mgomba: "Huyo anasoma karatasi kama Biblia! Saini, mwenzangu, mutoto anangojea!"

"Nasoma kwanza!"

"Soma basi, lakini usituhubirie!"

Tukacheka wote wawili. Siku hiyo bado tulikuwa tunacheka.

Jumanne mvua ilinyesha mchana, hakukuja mteja, nikatoa sanduku la madaftari. Nilitaka kuona siku yenyewe kwa mwandiko wangu, nisaini kwa amani. Nikaipata pini, imeshika kutu na kuacha duara la kahawia kwenye karatasi, na kipande cha manjano kimefifia kikawa rangi ya uji. Chini yake nimeandika: *Kwa jirani, mtoto wa tatu, msichana. Flaneli. Amelala, sikumshika.*

Binti ana jina la msichana wa tatu. Wakonzo, wenyeji wa huku, huwapa watoto majina kwa kufuata namna walivyozaliwa, kwa hiyo ukiitwa hujataja tu jina lako, umetaja na nafasi yako kwa mama. Wa tatu, na daftari linasema wa tatu. Sawa kabisa. Basi nikatazama mwaka.

Mwaka wa daftari ulikuwa nyuma ya mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye fomu. Si kwa wiki. Ni karibu mwaka mmoja na nusu.

Nikaangalia daftari lililotangulia, nikaangalia lililofuata. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa punje za mahindi kwenye meza. Mvua ilikatika nikaenda hadi mlangoni, nikarudi, nikakaa, nikasimama. Na hapa niandike jambo lisilonipendeza: nilimshuku jirani yangu. Niliwaza amempunguzia binti umri ili aonekane mdogo chuoni. Watu hufanya hivyo. Niliwaza pia kwamba amenichagua mimi kwa sababu sijui Kiingereza. Jioni nzima nilimtazama akianua nguo na kila alichofanya nilikiona kina hila, hata namna alivyokunja shuka. Alikuwa anakunja shuka tu.

Jumatano binti alipita mara tatu. Mara ya kwanza alisema anakwenda dukani. Mara ya pili alichungulia tu mezani. Mara ya tatu nilijifanya nahesabu vifungo.

Mchana alikuja mpagazi anayeniletea mabunda ya vitenge kutoka Mpondwe. Ni mtu mzima, anavuka mpaka na kurudi tangu ujana wake, na Kiswahili chake ni cha ng'ambo, kimechanganyika na Kifaransa. Alitua bunda, akajifuta jasho, akanitazama.

"Mama Fundi, unashona na unasema peke yako."

"Natafuta neno. Vouch."

"Vocha? Ya airtime?"

"Ingekuwa airtime ningekutuma. Iko kwenye karatasi ya mtoto wa watu." Nikamweleza fomu, bila kutaja hesabu yangu ya miaka. Hiyo niliificha.

Alikaa juu ya bunda. "Bon. Unajua vile mutu mupya anaanza kazi kwetu kwa mupaka? Anakuja, hakuna mwenye anamujua. Hakuna mwenye mali atamupa muzigo. Anasimama pale siku moja, siku mbili. Lazima mumoja wetu aseme: huyu ni mutu yangu. Akisha sema vile, wanamupa."

"Na akikimbia na mzigo?"

"Hatumutafuti yeye. Yeye iko wapi? Tunatafuta ule mwenye alisema."

"Wewe umewahi kusema?"

"Mara mbili. Mumoja unamujua, ule wa kofia ya mupira. Angali kazini." Akatazama viatu vyake. "Ule mwingine alifanya nibebe bure miezi tatu."

"Ulikuwa umemwona anazaliwa, huyo wa kofia?"

Alicheka hadi akashika kifua. "Mama Fundi! Mimi niko muzalishaji? Nilimuona anakula, anasali, anabebea mama yake maji. Ilitosha." Akasimama, akanyoosha mgongo. "Ilitosha kwa mumoja."

Alipoondoka nililiandika neno lile juu ya karatasi ya kupimia, na chini yake nikaandika: ni mtu wangu, kama ni uongo nitafuteni mimi. Nilidhani kuelewa kungenituliza. Ndiyo kwanza nikashindwa kukaa kwenye kiti. Kusaini ni wino. Hili lilikuwa linataka niwe na uhakika na mtu, na mimi nilikuwa nimemshuku mama yake tangu jana kwa sababu ya shuka.

Alhamisi asubuhi, nikipiga pasi, ndipo nilipoliona. Sijui kwa nini ilichukua siku mbili. Mimi nimezaliwa Kasese, lakini wazazi wangu walitoka Kenya kufuata kazi ya saruji, na nyumbani kwetu watoto tulihesabiwa wote pamoja, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka ule wa flaneli nilikuwa bibi harusi mgeni Bwera, Lhukonzo, lugha ya hapa, sijui, desturi sijui. Nilipoandika "mtoto wa tatu" nilihesabu niliowaona uani: mvulana, msichana, na huyu kichanga. Wa tatu wa nyumba. Lakini Wakonzo wanawahesabu wavulana peke yao na wasichana peke yao. Kichanga yule alikuwa msichana wa pili.

Na msichana wa pili hayupo. Siku zote nilidhani alikufa kabla sijaja Bwera, na jambo kama hilo huulizi. Kumbe nilimwona. Nilimshonea shati.

Nilichomoa pasi, nikavuka njia. Jirani alikuwa amekaa chini anachambua maharage kwenye ungo.

"Mwenzangu," nikasema, "ile flaneli ya manjano nilimshonea nani?"

Mikono yake ilisimama. "Kwa nini unauliza?"

"Daftari."

"Hilo daftari lako." Alitupa jiwe moja, akatupa na maharage mazima mawili bila kuona. "Ulimushonea wa pili. Alikaa miezi saba. Nyinyi mulikuwa mumeshahamia Kasese, bwana yako amepata kazi kiwandani, baba yako amelala hospitali kule Kilembe. Nani angekuletea habari ya mutoto wa miezi saba?"

Hilo ni kweli. Tulikaa huko miaka mitatu. Kati ya kupeleka chakula wodini na kurudi, Bwera ilikuwa kama imefutika.

"Uliporudi," akaendelea, "huyu alikuwa anatembea. Ulimushika ukasema, ndiye huyu wa flaneli! Ukalia. Mimi nikaona: huyu ametoka kuzika baba yake wiki iliyopita, sasa nimwambie nini? Kwamba huyo unayemushika si yeye?"

Nakumbuka nilimshika. Nakumbuka pia nilimwona mdogo kuliko umri wake, nikajisemea kimoyomoyo labda hapati maziwa. Hata hapo nilikuwa nimemhukumu mama yake, nikamsahau mtoto aliyekuwa hayupo.

"Ungeniambia kesho yake."

"Kesho yake pia ulikuwa unalia. Na mwaka uliofuata mutoto ameshaanza kukuita lile jina. Na lile shati huyu pia alilivaa, hiyo si uongo. Nililitoa kwa sanduku nikamuvalisha."

"Yeye anajua?"

"Anajua alikuwa na dada akakufa, kwa jina lake anajua. Hajui shati." Aliniangalia machoni. "Kesho tukifika ofisini, wakikuuliza ulikuwepo, sema ulikuwepo. Ni neno moja tu. Halafu mimi nitamwambia mutoto siku yangu mwenyewe."

Sikumjibu. Angeweza kudhani nimekubali, na nadhani ndivyo alivyodhani. Hilo ni kosa langu, naliandika hapa.

Ijumaa, fomu ikiwa bado haina saini yangu, tulikwenda ofisi ya vitambulisho Kasese sisi watatu, na gari la asubuhi kabisa. Mlangoni pa ofisi askari alitupanga. "Mustari moja! Wewe mama, rudi nyuma ya huyo!" Tukasema ndiyo afande. Jua lilipanda. Binti alikuwa na bahasha ameibana kifuani na kila baada ya muda alichungulia saa ya ukutani kupitia dirisha, maana chuo kilikuwa kinafunga saa kumi.

Tuliingia saa saba na kitu. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka lakini si mkali. Jirani akakaa kwenye benchi karibu na mlango, mimi na binti tukasimama mbele ya meza. Ofisa alisoma jina la katekista, akasoma jina langu, akaona mahali pa saini ni patupu bado.

"Mama, hujasaini?"

"Nilitaka kusaini mbele yako, madamu."

"Sawa. Huyu unamjua?"

"Namjua."

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

Nilisikia benchi likilia nyuma yangu. Neno moja tu. Binti alikuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu jibu hilo alilijua tangu akiwa mtoto, angeweza kulijibu yeye.

"Hapana," nikasema.

Ofisa akaweka kalamu chini.

Nikasema yote, tena vibaya, bila mpangilio: kwamba nilikuwa Kasese miaka ile, kwamba shati nililoshona lilikuwa la dada yake aliyetangulia, kwamba nilikuwa nimekosea hesabu na nimeisimulia kama kweli miaka yote. Sikumtazama binti. Wazo la kuomba atoke nje kwanza lilinijia kesho yake, nikiwa namwaga maji ya kufulia. Kesho yake. Lingenijia siku ile ningewaokoa wote wawili, mama na binti.

"Kwa hiyo hukuwepo," ofisa akasema. "Sasa mama, hapa unataka kusema nini?"

"Nataka kusema ni mtu wangu." Nikaona haelewi. "Nilimkuta anatembea, hajajua kusema vizuri. Tangu hapo hajatoka machoni pangu. Namwona anapokwenda shule, namwona anapoosha vyombo. Kama kuna uongo wowote kwake, msimtafute yeye. Nitafuteni mimi. Namba yangu iko hapo. Hilo ndilo neno lenu, si ndilo? Vouch?"

Alichukua fomu akaingia nayo chumba cha ndani. Mlango ukafungwa.

Tulibaki hivyo. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu wa sekunde, ukifika kwenye sita unakwama kidogo kabla ya kupanda. Binti alikuwa amegeuka anamtazama mama yake, na mama yake anatazama sakafu. Hakuna aliyenitazama mimi. Niliwaza: umemnyima mtoto chuo kwa sababu ya kipande cha flaneli. Niliwaza: hapana, umekataa kusema uongo ofisini. Nikawaza tena lile la kwanza. Mpaka leo yanapokezana.

Ofisa alirudi. "Katekista ameandika kwamba alimbatiza akiwa na wiki tatu, kanisani Bwera. Mambo ya kuzaliwa, yeye ametosha. Wewe andika unachokijua wewe, tangu lini. Andika pembeni hapa, kwa mkono wako, kwa lugha unayoiweza. Halafu saini." Akaongeza, akiwa ameshachukua muhuri: "Na ukiitwa, uje."

"Nitakuja, madamu."

Niliandika mistari minne. Saini ilitoka imepinda.

Nje, binti alikunja karatasi yenye muhuri, akaitia kwenye bahasha. "Asante, mama," akasema. Mama tu. Akasimamisha bodaboda akaenda chuoni peke yake, na aliwahi. Jirani na mimi tulirudi Bwera tumekaa viti tofauti.

Hakunisalimia wiki mbili. Alipita upande wa pili wa mgomba, njia ndefu, na ndoo kichwani. Alikuwa na haki. Nilimnyang'anya siku yake ya kumwambia mtoto wake, nikaitumia mbele ya mgeni. Naye alinificha jambo kwa huruma, na huruma hiyo nimekula matunda yake miaka yote nikiitwa jina zuri. Nikiyaweka yote mawili kwenye mizani siwezi kuona upande unaoshuka. Nilishona vibaya wiki hizo. Nilikata mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja.

Jumamosi ya tatu binti alikuja kutoka chuoni, na kitambaa cheupe kwenye mfuko. Alikaa kwenye stuli ya wateja. Hakunipa kitambaa mara moja.

"Alikuwa namna gani?" akauliza.

Sikuuliza nani. "Nilimwona mara moja tu. Alikuwa amelala. Alikuwa na nywele nyingi, zimefika hapa." Nikajigusa juu ya nyusi. "Lakini labda nakumbuka vibaya. Unajua mimi."

"Mama pia amesema nywele," akasema. Akasimama, akanyoosha mikono ili nimpime. "Sare mbili. Hizi ni zangu, eh? Andika vizuri."

Nikampima mabega, kifua, urefu. Alipoishika njia ya kwenda kwao nilikata kona ya kitambaa cheupe, nikaibana kwa pini mpya, nikaandika: *Kwa jirani, msichana wa tatu katika wasichana. Sare za uuguzi, mbili. Nimempima mwenyewe.* Nikasoma. Nikahesabu kwa vidole. Nikaona bado sina raha, nikamwita arudi asome kama nimeandika sawa.

Alisoma akiwa amesimama, kidole juu ya mstari.

Kutoka ng'ambo ya mgomba, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, nikasikia ile sauti: "Anakusomesha nini tena huyo?"

"Daftari!" binti akajibu.

"Mwambie," jirani akasema, "wewe ukimaliza, na mimi nitakuja kusoma."

Nimelifungua daftari la zamani kwenye ukurasa ule wa pini ya kutu, nimeliweka mezani karibu na mlango. Hajaja bado. Nimesogeza stuli mara mbili.